Maji ya Kuoshea Nyama

Lava ya volkano ya mwaka 2021 iliimeza nyumba ya Mama Domitille kule Kibati. Aliokoa nguruwe mmoja tu, jike. Mwaka uliofuata nguruwe akashika mimba. Domitille alipomtazama aliona mbao, mabati na mlango wa nyumba mpya.

Siku moja bunduki za waasi zililia tangu asubuhi upande wa kambi ya jeshi ya Rumangabo. Domitille hakai, hasimami. Akimbie? Abaki? Ili mikono ipate kazi, aliosha nyama aliyoletewa na jirani yake Rosine. Maji ya nyama hayamwagwi, mama yake alimfundisha hivyo. Ni ya nguruwe. Akabeba beseni kwenda zizini.

"Mama, ngoja!" Alikuwa Léopold, veterinere, daktari wa mifugo, akipita njiani. "Hiyo nyama imetoka wapi?"

"Kwa Rosine. Nguruwe yake ilishikwa na homa, masikio ikakuwa nyekundu. Wakaichinja mbele ya kufa."

"Weka beseni chini! Hiyo ni homa ya nguruwe. Sisi watu haitushike, lakini haya maji yatamaliza nguruwe yako."

"Si nitamupiga sindano?"

"Hakuna sindano yake, mama. Mwizi akiingia hapa, munafanya nini?"

"Mwenye kumuona wa kwanza anapiga sufuria. Wote tunatoka."

"Mwili wa nguruwe uko vile. Kuko walinzi wenye kupiga sufuria. Sasa hii virusi inatengeneza protini, kitu kidogo sana, yenye kushika mukono wa ule mulinzi wa kwanza. Sufuria hailie. Virusi inazaana kimya. Mwili ukistuka, imekwisha kujaa."

Domitille aliweka beseni chini. "Basi leo leo ninamupeleka Katindo, kwa dada yangu."

"Hapana! Pengine Rosine ameileta homa hapa na viatu vyake. Utapelekea na nguruwe wa Katindo. Ngoja wiki tatu, tuone kama ameshikwa."

"Na waasi wakifika?"

"Waasi, hatujui. Homa imekwisha kufika."

Kibati ni jiwe tupu. Domitille na Rosine walitafuta udongo nusu siku, wakaifukia nyama pamoja na yale maji, wakamwaga chokaa juu. Viatu vya zizini vikabaki zizini. Mgeni haingii. Watu walipita na magodoro kichwani, Domitille akabaki, akimtukana nguruwe kwa hofu: "We munyama, utaniua!"

Nguruwe saba walikufa mtaani. Wake hakufa. Bunduki zikanyamaza, nguruwe akazaa watoto tisa.

Rosine alikuja kuwaona, akasimama barabarani bila kuambiwa.

"Zizi lako bado lipumzike," Domitille alimwambia. "Osha tena. Lakini chagua mtoto wako leo, nitakutunzia."

Rosine akanyoosha kidole kwa mmoja, machozi yakimtoka.