Chiriku Apima Kivuli

Kila siku akitoka shule mchana, Chiriku alimpeleka bibi yake zahanati kusafishwa kidonda cha mguu. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Walipofika bustani ya mtaa, bibi aliketi kivulini akavuta pumzi, ndipo wakaendelea.

Siku moja walikuta bango: "Eneo hili halina faida. Litakuwa maegesho ya magari."

Damu ilimchemka Chiriku. "Halina faida! Aliyeandika haya amewahi kutembea kwa miguu?"

"Kamwulize mwenyewe, mjukuu wangu. Masikio yangu hayana kosa," bibi alijibu.

Ili apate ushahidi, mwalimu wa sayansi alimwazima kipimajoto. Kwa siku tano, saa saba mchana, Chiriku alipima joto barabarani na chini ya miti, kisha akahesabu kwa saa nzima watu waliopumzika bustanini. Barabarani joto lilifika nyuzi thelathini na tisa. Kivulini, thelathini na mbili. Watu hawakuzidi sitini na wanne kwa siku.

"Sitini na wanne tu? Watatucheka!" Kwa hasira akaandika mia tatu.

Mama yake, fundi cherehani, alitupia jicho daftari. "Hawa mia tatu wameketi wapi? Mabenchi ni sita."

"Lakini wao ndio walioanza kudanganya, mama!"

"Na wewe ukidanganya, mtakuwa waongo wawili. Futa."

Chiriku alifuta, uso umemvimba.

Kwenye kikao cha mtaa kuhusu maegesho, Chiriku alisoma namba zake. Ofisa wa mipango, aliyeweka bango, alicheka. "Hizi ni namba za mtoto! Sisi tulimtuma karani akahesabu."

"Alipata wangapi?" mwalimu aliuliza.

Karani alifungua faili, akasita. "Juzi, saa saba... sitini na wawili."

Chiriku alisimama. "Kumbe mlijua! Watu sitini na wawili si faida? Bibi yangu akianguka kwenye lami, mtamwandika wapi?"

Mwenyekiti alimgeukia ofisa. Ofisa akakubali kwamba kiwanja kingine kipo. Kabla kikao hakijafungwa, ilikubaliwa maegesho yahamishiwe kiwanja kitupu nyuma ya ghala.

Njiani wakirudi kutoka kikaoni, mama alimshika bega. "Ungeacha ile mia tatu, karani angekuumbua, na leo tungekuwa tunajadili uongo wako, si wao. Kukasirikia dhuluma si kosa, mwanangu. Ila hasira ikikupanda, hapo ndipo uushike ukweli kwa mikono miwili."