Gari la Nani

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka gundi ya viraka na soksi za wanaume. Mjomba alikuwa amechuchumaa, chaki mkononi, anachora sakafuni yadi ya polisi: geti, kibanda cha askari, safu za magari yaliyokamatwa. Kwenye safu ya mwisho akaweka kizibo cha soda.

"Hili ndilo letu. Leo linapigwa mnada. Hatuvunji kufuli, hatushiki bunduki. Tunanunua kama watu."

Tai akaangua kicheko. Jina hilo alilipata kwa ile tai nyekundu aliyoivaa hata kwenye wizi, eti mtu nadhifu hasimamishwi na askari.

Gia hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa dereva wa genge, na gari lile lilikuwa limemmeza mdogo wake, nusu mwaka sasa. Mjomba alimtuma kijana alipeleke upande wa pili wa mji. Akamwambia ni gari tupu. Kumbe chini ya kiti cha nyuma ilikuwa imechomelewa dhahabu yote ya duka la sonara. Gari likazima lenyewe, mbele ya kizuizi cha polisi. Dhahabu hawakuiona, ila namba bandia waliiona. Wakauliza: gari la nani? Kijana akauma meno. Mpaka leo yuko mahabusu, kila akipandishwa kizimbani anaulizwa lile lile, na kila mara anauma meno, maana mwenye gari ndiye mjomba aliyewalea tangu mama yao afe.

"Dhahabu ikitoka, mdogo wangu anatoka," Gia alisema. "Wakili kwanza. Mgao baadaye."

"Mpwa wangu, mimi ni damu yenu. Ulishaniona nikisema uongo?"

Jamani, walikuwa majambazi! Kila mtu mle ndani alishamwona. Lakini Gia alitaka kuamini, akaamini.

Saa tatu na nusu.

Genge lile lilijua kuiba chochote chenye magurudumu. Kununua ndiko kulikowashinda, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kununua gari maishani mwake.

Yadi ilijaa watu, na watu wote walikuwa wanalalamika. Ndivyo mnada ulivyo. Huyu anapiga teke tairi, yule anafunua boneti na kuguna kama daktari aliyekuta maiti. "Dalali, unatuuzia kaburi hili?" Mtu akilipenda gari, ndiyo kwanza analitukana ili bei ishuke.

Tai yeye aliingia, akapita magari yote bila kuyatupia jicho, akaenda kusimama kando ya lile la mwisho kama bwana harusi.

"Likosoe!" Gia alimnong'oneza. "Sema hata milango mibovu."

"Mbona gari zuri tu?" Tai alisema, tena kwa sauti.

Mama mmoja aligeuka. Wote walimwita Mama Vyuma. Alinunua magari mabovu na kuyauza kwa kilo. Akaliangalia gari. Akaiangalia tai nyekundu.

"Heee! Zuri? Hili kopo?"

Dalali alipofungua bei, Tai akanyoosha mkono. Mama Vyuma naye akanyoosha. Tai akaongeza. Mama akaongeza, anatafuna ubani wake taratibu. Tai akaanza kutoka jasho, anatupa macho getini kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni.

"Huyu kaka anakufa juu ya kutu," Mama Vyuma aliwatangazia watu. "Basi ndani kuna kitu. Ongeza, dalali!"

Yadi nzima ikacheka.

Mjomba alikuwa ameapa kwamba guu lake halitakanyaga yadi ya polisi. Alikaa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chai. Lakini kile kicheko alikisikia, na mzee yule alikuwa na kiburi kuliko akili. Akavuka.

"Mara mbili ya huyo mama!" alinguruma.

Mama Vyuma akashusha mkono. "Lichukue, baba. Ila ukikuta panya usinifuate."

Karani akataka kitambulisho cha mnunuzi. Cha Tai kilikuwa cha kughushi, na kughushi mbele ya polisi ni wazimu. Mjomba alisonya, akatoa chake halisi, na risiti ikaandikwa jina lake.

Saa tano kasorobo.

Betri walikuja nayo. Gia akaifunga, akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, haikushika. Mjomba alikuwa bado dirishani kwa karani.

"Ngoja," Tai alisema. Akainama, akaingiza mkono chini ya dashibodi, nyuma ya boksi la fyuzi. Hakupapasa. Ta! "Washa sasa."

Likawaka.

"Nini hicho?"

"Swichi ya kukata mafuta. Mjomba aliifunga mwenyewe."

"Lini?"

"Si usiku ule kabla dogo hajaondoka nalo? Mimi ndiye niliyemshikia toch..." Tai akafumba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Gia alilijua gari kuliko alivyojua kusali. Ukikata mafuta, injini hunywa yaliyobaki, huenda kidogo, kisha hufa. Kutoka gerejini hadi kwenye kizuizi cha polisi ni umbali huo huo mdogo. Na wiki ile polisi walipekua kila nyumba ya kila mwizi mjini, wakitafuta dhahabu ya sonara. Mahali pekee ambapo hawakupekua ni kwenye yadi yao wenyewe. Walimlindia Mjomba mzigo wake, mchana na usiku, bure.

"Alimchoma," Gia alisema. "Mtoto wa dada yake."

"Alisema wangemwachia baada ya wiki. Gia, usilete makeke hapa!"

Hasira ilimpanda mpaka akaona giza. Alitaka kumnyonga mtu. Lakini mlango ulifunguliwa na Mjomba akawa amesimama pale, risiti mkononi, anatabasamu.

"Shuka. Naendesha mwenyewe."

"Mdogo wangu anatoka leo?"

"Mambo yakitulia."

"Yatatulia lini, Mjomba?"

"We mtoto, nimesema shuka!"

Mkono wa Gia ukapita chini ya dashibodi. Ta. Ngurumo ya injini ilimeza ile sauti.

"Haya, Mjomba," alisema, akimpisha. "Gari lako."

Saa tano.

Tai alirukia kiti cha mbele. Gari likaondoka. Gia alilifuata kwa miguu, hana haraka. Askari akainua chuma cha geti, gari likaingia chini yake, likakohoa mara moja, likazima.

Mjomba alielewa papo hapo. Akazama chini ya dashibodi, mkono unatafuta.

"Wewe! Unachukua nini humo? Mikono juu!" Askari alishakoki bunduki. Tai alifungua mlango akakimbia, ila tai yake ilinasa kwenye komeo la mlango na hakufika mbali.

"Afande!" Gia alipaza sauti, yadi nzima isikie. "Muulize gari la nani!"

"Langu!" Mjomba alipiga kelele, anapunga risiti. "La kwangu! Jina langu hili hapa!"

"Umesikia? Sasa mwambie ainue kiti chake cha nyuma. Patindue na hapo chini palipochomelewa."

Rangi ya uso ilimtoka mzee. "Mpwa wangu! Nimekulea mimi!"

"Na yeye hukumlea?"

Mama Vyuma alishafika na mtaimbo wake, hakungoja kuombwa. Chuma kililia. Dhahabu ikatoka, na watu wakasema uuuwi.

Askari akamgeukia Gia. "Na wewe ni nani?"

"Dereva wake. Kwa sonara niliwapeleka mimi, nikawarudisha mimi. Nifunge. Lakini kuna mtoto mnamuuliza gari la nani tangu mwaka jana. Mmeshajibiwa. Mwacheni aende nyumbani."

Askari akamkamata mkono. Gia akaukwapua, akatangulia mbele yake kuelekea kibandani, kichwa juu.

"Usinivute. Kutembea najua."