Siri ya Kerrie kabla ya Nusu Fainali

Kila Jumanne baada ya shule, wasichana wa timu ya Moss Lane, mjini Burnley, walianza mazoezi kwa kuokota kinyesi cha mbwa. Uwanja ulikuwa wa bustani ya watu wote, na wenye mbwa hawakujali. Kila msichana alipewa mfuko wa plastiki. Kocha wao, Bi Maureen Ollerton, mwenye umri wa miaka sabini na moja, aliokota pamoja nao.

"Kerrie, umeruka kimoja hapo!" alisema kocha.

"Hicho ni cha Shazia, Kocha."

"Changu? Mimi nina mbwa?" Shazia alijibu, na wote wakacheka.

Kerrie Duckworth alikuwa na miaka kumi na miwili, naye ndiye aliyekuwa nahodha. Jumapili wangecheza nusu fainali, ya kwanza tangu timu ianzishwe. Kwa kuwa walikuwa wadogo, kocha aliwakataza kabisa kupiga mpira kwa kichwa mazoezini. Lakini Kerrie alitamani kufunga kwa kichwa. Basi, Ijumaa alimvuta rafiki yake Shazia hadi nyuma ya magereji ya kuegeshea magari mtaani kwao. Wakarusha mpira juu, wakaurukia pamoja, na vichwa vyao vikagongana.

Shazia alipata nundu tu. Kerrie alianguka, kisha akatapika.

"Twende kwa mama yako," Shazia alisema.

"Usithubutu! Ukigongwa kichwa unawekwa nje wiki tatu. Niahidi."

Shazia akaahidi, ingawa moyo wake haukutulia.

Jumapili mvua ilinyesha kidogo. Kerrie aliamka na kichwa kinamuuma, lakini alipoulizwa na mama yake alisema ni usingizi tu. Uwanjani akavaa kitambaa cha unahodha. Akatazama katikati ya uwanja, akakunja uso.

"Shazia, mbona leo kuna marefa wawili?"

Shazia alitazama. Refa alikuwa mmoja.

"Mwambie kocha," alisema kwa sauti ndogo. "Usipomwambia, namwambia mimi."

"Msaliti wewe! Uliahidi!"

"Niite utakavyo. Nikuone ukianguka tena?" Machozi yalikuwa yakimtoka Shazia.

Kerrie akavua kile kitambaa, akamwendea kocha na kumweleza yote: magereji, kutapika, marefa wawili. Bi Maureen hakufoka. Alimwita mama yake Kerrie, aliyekuwa kando ya uwanja na themosi ya chai, nao wakaenda hospitali moja kwa moja. Daktari alisema ubongo ulikuwa umetikisika. Angegongwa mara ya pili siku ile, hali ingekuwa mbaya sana.

Siku iliyofuata, wakati wa chai ya jioni, kocha alibisha hodi nyumbani kwa akina Kerrie.

"Tumefungwa mbili kwa moja," alisema kabla hata ya kukaa.

Kerrie akalia. "Ni mimi nimewaangusha."

"Nisikilize, mwanangu. Nilipokuwa msichana, viwanja vya maana tulifungiwa kwa sababu sisi ni wanawake. Tulicheza kwenye malisho, tukabadilisha nguo nyuma ya gari la maziwa. Miaka tisa hivyo. Kisha nikaitwa timu ya taifa. Wiki moja kabla ya mechi niliumia goti kiwandani. Nikalifunga bendeji, nikasema mimi mzima."

"Ukacheza?"

"Dakika ishirini. Goti likaachia, na sikucheza tena maishani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Watu husema nilipenda ukocha tangu zamani. Uongo! Nilitaka kucheza. Nikawa kocha kwa sababu ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuukaribia mpira."

Kerrie alifuta machozi. "Kwa hiyo hunikasirikii?"

"Kwa yale ya magereji, nimekasirika, na kitambaa utakirudisha kwangu hadi nione umetulia. Lakini jana, mbele ya mechi uliyoitaka kuliko kitu chochote, ulisema kweli. Mimi nilishindwa. Na Shazia, umeshamwomba radhi?"

"Bado, Kocha."

"Basi nenda. Mwili ukiumia, sema siku ileile, hata kama kuna fainali kesho. Na rafiki anayekulazimisha useme, huyo usimwache. Wiki tatu zitapita, nawe utarudi uwanjani kwa miguu yako. Mimi nimesubiri miaka arobaini na saba, sijarudi."

Kerrie alivaa koti, akatoka kwenda kwa akina Shazia.