Tundu la Sabufa

Jua lilikuwa linazama tulipofika kwa fundi Yahaya, pale Igalula karibu na stesheni. Mume wangu Zablon alitaka sabufa ya kusikilizia kwaya nyumbani. Mimi nilikuwa nimembeba mgongoni Asnath, binti yetu wa miezi mitano.

"Usidanganywe na kelele, kaka," Yahaya alisema. "Weka kiganja kwenye tundu. Besi nzuri ina upepo."

Zablon alipima kadhaa. Ya mwisho, kuukuu, ilipeperusha mkono wa shati lake. Akacheka.

"Hii inapumua kabisa."

"Shemeji naye apime."

Niliweka kiganja. Upepo ulikuwa wa vuguvugu, una unyevunyevu. Ulinuka maziwa yaliyochacha. Nilijifuta kwenye kanga. Nilitaka kusema, lakini mbele ya wanaume ulimi wangu huwa mzito. Zablon akailipia.

Nyumbani Zablon aliisukuma kwenye kona, kwa kuwa fundi alimwambia kona huongeza besi. Akafungulia kwaya. Akapandisha besi kidogo kidogo.

Du... du... du...

Asnath, aliyekuwa mkekani akilia, alinyamaza ghafla. Nikamfunua nimbadilishe nepi. Kitovu chake kilipona zamani. Sasa kilikuwa kimelowa. Ute wa njano ulitoka kila besi ilipopiga.

"Baba Asnath," nilinong'ona, "punguza."

"Wewe nawe. Hata kanisani unakimbia spika."

"Njoo umtazame mtoto."

Akaja. Akatazama. Akachomoa waya ukutani.

Kwaya ikazimika.

Du... du...

Besi haikuzimika.

Zablon alichukua bisibisi, akafungua ubao wa nyuma. Harufu ikatupiga usoni. Ndani hamkuwa na sponji. Mlikuwa na nepi za kitambaa, zimelowa, zimeota utando wa kijani. Katikati yake, kama dagaa waliokauka, vitovu vya watoto vilivyokatika.

Vingi.

Kimoja kilikuwa kibichi. Kilikuwa kinacheza.

Zablon alikinasa kwa kijiti, akavuta. Asnath akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtoto. Zablon akaachia. Mtoto akatulia.

Zablon akampigia fundi simu.

"Mimi sikuifungua, kaka," Yahaya alisema. "Kuna mama aliileta. Hakutaka hata hela. Aliuliza tu kama wateja wangu wana watoto wachanga."

"Mama gani?"

"Sura yake siikumbuki..." Fundi alishusha sauti. "Nakumbuka gauni lake lilikuwa limelowa kifuani."

Hatukuthubutu kuichoma. Zablon alirudisha ubao. Siku ya pili upepo wa tunduni ulitoka mkavu, nepi zile zimeanza kukauka, na Asnath akakataa ziwa. Midomo yake ilipasuka, utosi ukabonyea. Hakuna aliyeniambia la kufanya, lakini nililijua.

Nilipiga magoti kwenye kona, nikakamulia maziwa ndani ya tundu. Besi ikatulia. Asnath akanyonya.

Sasa hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku, kabla sijamnyonyesha wangu. Zablon hutoka nje, anasema harufu inamshinda. Mimi nitoke niende wapi?

Jana tundu lile lilivuta chuchu.

Nilipomaliza, lilinicheulia mapajani.