Mwanamke wa Kamera ya Tatu

Katika kamera ya kwanza Royce anaosha vikombe. Katika ya pili anaosha vikombe vilevile, kwenye sinki lilelile, maji yakichuruzika vilevile. Katika ya tatu anaosha vikombe na anacheka.

Denise alirudisha nyuma, akatazama tena. Kamera zote tatu zilikuwa zimekazwa kwa skrubu kwenye ubao mmoja, zikawashwa pamoja, zikazimwa pamoja. Ubao ule Royce alikuwa ameutengeneza mwenyewe Jumamosi ile asubuhi, maana Royce Kessinger hakuwa mtu wa kununua kitu kwa kusifiwa. Kopo la rangi tu angelizunguka wiki nzima. Sasa mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja na kulia, na Royce alitaka kamera ndogo ya video, ya kuingia mfuko wa shati, lakini yenye picha kali kama ya televisheni hizi mpya, ili mtoto akizaliwa asikose kitu. Akafanya wanavyofanya wengi pale mjini Dayton. Alinunua tatu, akazileta nyumbani kuzijaribu, akijua dukani watapokea zile atakazozikataa bila maneno.

Nyeupe ilikuwa na kioo kikubwa, lakini sauti yake kama ya mtu anayeongea ndani ya ndoo. Nyekundu ilisikika vizuri, ila mwanga ukipungua kidogo picha inajaa chenga. Nyeusi, ile ya tatu, ilishawahi kununuliwa na mtu mwingine ikarudishwa dukani. Boksi lake lilikuwa na utepe juu ya utepe. Ila ndiyo iliyoona gizani kuliko zote.

"Wewe," Denise akaita. "Ulikuwa unamchekea nani?"

"Lini?"

"Ukiosha vikombe. Njoo uone."

Royce akaja akijifuta mikono, akainama mbele ya kile kioo kidogo. "Mimi sikucheka. Kwani vikombe vina kichekesho gani?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Denise, usianze. Juzi juzi umenihamisha kwa daktari wa meno kwa sababu ya yule dada anayesafisha."

"Alikuwa anasafisha jino moja nusu saa!"

Royce akacheka kweli sasa, akambusu utosini, akaenda zake gereji. Lakini kicheko kile si cha kwenye kamera. Cha kwenye kamera kilikuwa cha chini, cha pembeni, macho yakiteremka upande wa kushoto pale linapotundikwa taulo, kama mtu aliyenong'onezwa jambo la chumbani. Denise alikijua kicheko kile. Alichekewa yeye mwaka waliochumbiana, na tangu hapo hakukisikia tena. Akabaki amesimama jikoni, na puani mwake ikaja harufu ya mshumaa uliopulizwa sasa hivi, wakati nyumba nzima haikuwa na mshumaa.

Jumapili mama yake Royce, Bi Verna, alikuja baada ya kanisa na sufuria ya maharage na mkate wa mahindi. Alikulia kwenye milima ya Kentucky, mwanamke wa maneno machache na jicho lisilopitwa. Royce akapandisha ubao wake juu ya friji, akafunga mapazia ili ajaribu mwanga hafifu, akawarekodi wote watatu wakila. Walipomaliza akaziunganisha kamera moja moja na televisheni.

Nyeupe ilionyesha watu watatu mezani. Nyekundu ilionyesha watu watatu ndani ya chenga. Nyeusi nayo ilionyesha watu watatu, lakini aliyeketi kwenye kiti cha Denise hakuwa Denise.

Alivaa sweta la kijani la Denise. Alikuwa na tumbo la Denise. Uso hakuuonyesha hata mara moja, kwa kuwa muda wote alikuwa amemgeukia Royce, na mkono wake ulilala kwenye shingo ya Royce, vidole vikitembea ndani ya nywele polepole, bila haraka, kama vya mtu aliye kwake. Na Denise hakumgusa mumewe mlo mzima. Alikuwa amemnunia.

"Tazama rangi hiyo," Royce akasema. "Tazama kijani cha sweta. Hii ndiyo kamera, jamani, zile nyingine takataka."

"Huyo ni nani?"

"Nani?"

"Huyo aliyekushika shingo!"

Royce akamtazama mkewe, akatazama televisheni, akamtazama tena. "Ni wewe, mke wangu. Nani mwingine?" Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupima maneno kama anavyopima kamera, akaongeza, "Na umependeza humo, kusema kweli. Humo hununi."

Bi Verna alikuwa ameweka uma chini. Akainuka, akamshika Denise mkono, akampeleka jikoni, akafungua bomba maji yapige kelele.

"Umemwona, mama?" Denise akauliza. "Niambie umemwona, nisije nikawa kichaa."

"Nimemwona. Punguza sauti."

"Ni mwanamke wake, sivyo? Kuna mwanamke ananichezea."

"Mwanamke gani? Hilo ni jini, mwanangu. Bibi yangu alilitoa moja kama hilo kwenye kioo cha jirani, na kazi haikuwa ndogo."

"Linamtaka Royce?"

"Royce!" Bi Verna nusura acheke. "Nimemzaa mimi, namjua, hana cha kugombewa kiasi hicho. Linataka kiti chako. Linataka kuitwa mama." Akasogea karibu zaidi. "Sasa nisikilize. Chakula chake ni wivu. Kila ukilitazama kwa wivu unalinenepesha, kwa hiyo usilitazame. Na aliyeliingiza ndani ndiye alitoe, kwa mkono wake. Wewe usiibebe ile kamera hata kufika kibarazani. Ukiitoa wewe, mnabadilishana."

Akarudi sebuleni, akamwambia mwanawe airudishe ile nyeusi abaki na nyekundu. Royce alilalamika kama mtoto anayenyang'anywa baiskeli, lakini kwa mama yake hakuwa na ubishi. Akasema Jumatano theluji ikipungua atakwenda.

Jumatano ilikuwa mbali.

Jumatatu Royce alipoenda kazini, Denise aliifungia kamera kwenye droo ya taulo, akakaa sebuleni akifuma soksi za mtoto. Kutoka kwenye droo ikasikika *tak*. Ni ule mkono mdogo wa kamera wa kuchomeka kwenye kompyuta, unaoruka nje ukibonyeza kitufe. Kimya. *Tak* tena. Angeweza kutoka akaenda kwa jirani. Lakini mtu mwenye wivu hawezi kuondoka mlango ukigongwa na mwanamke mwenzake. Aliifungua droo, akaichomeka kamera kwenye televisheni, akatazama.

Yule mwanamke alikuwa amegeuka kidogo. Sikio lilionekana, na hereni ya Denise.

Akatazama tena, ili amkamate akigeuka. Akatazama tena na tena mpaka chai ikapoa, na kila mara shavu lilizidi kuja kwenye mwanga, na kila mara Royce wa mle ndani alizidi kuwa mpole. Jioni mbwa wao, Biskuti, aliingia kutoka uani, akampita Denise kama anavyopita kiti, akaenda kulala chini ya droo ya taulo.

Jumanne Bi Verna akapiga simu. "Unaitazama?"

"Hapana, mama."

"Unaitazama. Sauti yako imepungua, nakusikia kama uko kisimani. Acha, Denise. Acha, nakuomba, fikiria mtoto."

"Nimesema siitazami!" Akakata simu, akaenda kuitazama.

Sasa picha haikuishia mezani kama walivyoirekodi, iliendelea, Royce akisukuma kiti chake nyuma na kumpa yule mwanamke mkono wa kuinukia, wakipita ukumbini wakiegemeana, wakiingia chumba cha mtoto, chumba ambacho Royce aliahidi kukipaka rangi tangu majani yalipoanza kudondoka na mpaka leo kina maboksi na ngazi, na mle ndani kilikuwa kimepakwa rangi ya maziwa, kitanda cha mtoto kimesimama, pazia limetundikwa, na yule mwanamke akapitisha kidole kwenye ukingo wa kitanda, akamgeukia aliyeshika kamera, yaani akamgeukia Denise, na uso ulikuwa wa Denise mwenyewe, ila uso uliolala usingizi wa kutosha, uso ambao haujawahi kumpekua mume mifuko, na harufu ya mshumaa uliopulizwa ikaijaza nyumba mpaka macho yakamtoka machozi, akashindwa kujua kama analia kwa moshi, kwa woga, au kwa sababu hajawahi katika maisha yake kumwonea mtu wivu namna ile.

Jumatano asubuhi Royce alikunywa kahawa yake amesimama. "Leo naachiwa mapema," akasema, akitazama mahali fulani karibu na bega la Denise. "Nitapita hapa mchana, niichukue ile kamera niipeleke. Mama asinile nyama."

"Utakwenda na nani?"

"Na nani? Peke yangu."

Peke yake! Denise aliliona akilini gari lile, joto limewashwa, redio chini chini, theluji kwenye vioo, na ile kamera imekaa kwenye kiti cha pembeni, kiti chake yeye, njia nzima mpaka dukani. Wanaongea nini? Anamchekea kile kicheko? Na akifika kwenye maegesho akashindwa kushuka? Akaichukua simu, akalitafuta jina la Bi Verna, halafu akaiweka chini. Alijua atakachoambiwa. Alikisikia neno kwa neno, alikiamini, na hakuweza. Kuliko kumwachia mumewe nusu saa na yule mwanamke, bora aibebe mwenyewe.

Akaitia kamera ndani ya boksi lake, akavaa koti, akatoka. Alipovuka kizingiti alisikia nyuma yake sakafu ya jikoni ikilia, kama mtu mzito ameinuka kutoka kitini. Hakugeuka. Aliona ameshinda.

Kaunta ya kurudishia bidhaa ilikuwa na foleni ndefu, kama ilivyo kila Januari baada ya zawadi za Krismasi. Zamu yake ilipofika, mhudumu alilitazama boksi, akapiga mluzi.

"Hii tena! Wewe mama ni wa nne. Inapendwa na akina baba, inarudishwa na akina mama."

"Walisema kwa nini?"

"Walisema hivyo hivyo kama wewe, naona: haifai. Una risiti?"

Akampa. Mhudumu akaipitisha kwenye mashine, akatia saini, akabandika utepe mpya juu ya boksi. Alipoinua macho alikuwa anatazama nyuma ya Denise.

"Anayefuata!"

"Kaka, bado sijapata karatasi yangu," Denise akasema.

Mzee mmoja akasogea mbele na blenda yake, akaiweka kwenye kaunta palepale Denise alipoegemea viwiko, na ikambidi aondoe mikono haraka. Mhudumu akalishika lile boksi la kamera, akamwuliza mwenzake, "Hii nani kaileta?"

"Mimi!" Denise akapiga kelele. "Mimi nimeileta! Mimi hapa!"

"Sijui," mwenzake akasema. "Irudishe tu rafuni."

Denise alikimbia. Aliliwasha gari, akatoka maegeshoni bila kutazama nyuma, na alikuwa ameshaingia barabara kuu, akilia, akijiambia kwamba watu wa madukani siku hizi hawana adabu, hawamtazami mteja, ndiyo hivyo tu, hakuna kingine, pale alipojigusa ili amtulize mtoto kama alivyozoea kufanya akiwa na hasira, akakuta mkanda wa gari umelala tambarare juu ya tumbo lake, umenyooka, umebana vizuri, kama ulivyokuwa ukibana kabla hajapata mimba.

Hakujua alifikaje nyumbani.

Gari la Royce lilikuwa limeshaegeshwa. Ufunguo haukuingia kwenye kitasa. Akabonyeza kengele, akaibonyeza na kuishikilia.

"Nani tena na theluji hii?" Sauti ya Royce.

"Sijui, mpenzi. Ngoja niende." Sauti hiyo ilikuwa ya Denise, toka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa hasira haikuwemo.

"Wewe kaa. Umesimama siku nzima."

Mlango ukafunguliwa. Royce alikuwa na rangi ya maziwa kwenye vidole na kwenye nyusi. Denise akamwita kwa jina. Akamwita mume wangu. Akamtukana tusi ambalo hajawahi kumtukana mtu, akamshika shati kwa mikono yote miwili, na Royce akakunja uso tu kidogo, kama anayepigwa na upepo, akitazama barabara juu ya kichwa chake.

Nyuma yake, mezani, yule mwanamke alikuwa ameketi, mkono mmoja juu ya tumbo lililojaa, na Biskuti amelaza kichwa miguuni pake. Akamtazama Denise machoni. Tangu kule dukani, yeye peke yake ndiye aliyemwona.

"Hakuna mtu," Royce akasema.

"Basi funga, Royce. Baridi inamfikia mtoto."

"Samahani, mpenzi," akasema Royce, akaufunga mlango taratibu kwa mikono miwili, akageuza kitasa.