Vidole Kumi vya Huwaida

Mlio wa kwato Lamu si ajabu, kila kichochoro kina punda wake. Ila punda hapandi ghorofa ya tatu, na juu ya dari ya Huwaida kwato zilikuwa zikitembea tangu adhuhuri.

Huwaida alikuwa akimalizia tasnifu yake ya chuo kikuu juu ya Malkia Balqisi wa Sabaa, na arusi yake imebaki siku tano. Hadithi za kale zasema majini walichelea Nabii Sulaimani asije akamwoa malkia yule, wakamzulia kuwa ana miguu ya punda. Malkia alipoingia kasrini kwa Nabii akadhani sakafu ya kioo ni maji, akapandisha nguo, ikaonekana miguu ya binadamu. Lakini kwato zimeganda kwenye jina lake hadi leo. Ndiyo ada ya watu: mwanamke mwenye enzi asipokuwa na ila, huzuliwa. Huwaida aliandika: "Huu ulikuwa uzushi wa jini."

Kwato zikasimama. Vumbi la chokaa likamwagikia kompyuta.

"Futa," ikasema sauti nzito, kavu, kutoka darini.

Bi Fahima, mama yake, alikuwa akifukiza nguo za arusi. Akanong'ona, "Mwanangu, neno hilo lifute."

"Sifuti, mama. Ni kweli."

"Kwani kweli ndiyo itakayokuoa?"

Hakufuta. Alasiri akaja Bi Hindu, mpakaji hina, na hapo harufu ya samadi mbichi ikaushinda udi. Bi Hindu akaushika mguu wa bibi harusi, akachora ua la kwanza, akachora la pili, na alipoinama kuchora la tatu akahisi ngozi ile inakazana mkononi mwake, inakuwa ngumu, inakuwa baridi, hata alipotazama badala ya vidole akaona ukwato mweusi unaong'aa kwa hina yake mwenyewe, akapiga ukelele, akateremka ngazi mbio bila buibui.

Bi Fahima hakuona ila mguu wa mwanawe. Hata hivyo, magharibi haijaadhiniwa, habari ilikuwa kwenye simu za mji mzima.

Bi Kulthum, mama wa bwana harusi, akaja mwenyewe. Wanawake wa mtaa walimfuata, wakabaki mlangoni chini.

"Nisamehe, mwanangu," alisema kwa haya. "Mui wote wanena. Nionyesha, nikawafunge midomo."

Huwaida akapandisha nguo, analia kwa hasira. Bi Kulthum akapiga magoti, akagusa kidole kimoja kimoja, kisha akambusu kichwani.

"Kumi, wallahi. Nimeviona kwa mato yangu. Arusi iko pale pale."

Akashuka. Huwaida na mamake wakamchungulia kutoka juu ya ngazi.

"Haya, Bi Kulthum," wanawake wakauliza, "umeona nini?"

Bi Kulthum akatabasamu, akafungua kinywa, na iliyotoka ni sauti ile nzito, kavu, ya darini:

"Kwato."

Akauziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, akitikisa kichwa hapana, hapana, machozi yakimchuruzika. Wanawake walikuwa washageuka, kila mmoja akikimbilia kwao kusimulia.