Skrini ya Chumba cha Rangi

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Rangi alifungua chumba chake cha kazi akakuta meza imebaki na skrini moja. Zilikuwa mbili. Ile ya aina ya IPS, ya kukatia na kuunganisha video, ilikuwa pale pale. Ya OLED, yenye weusi uliokolea, ambayo tajiri wa studio aliinunua miezi minane iliyopita baada ya mabishano ya wiki nzima, haikuwepo. Waya wake nao umekwenda, na mahali mguu wake ulipokaa pamebaki mraba usio na vumbi. Kufuli nzima, dirisha limefungwa kwa ndani.

Hakupiga kelele. Aliipiga meza picha, kisha akamwita tajiri.

Tajiri alitaka polisi hapo hapo. Mama Rangi, ambaye kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kulinganisha rangi za filamu, mtu wa kugundua shati lililopauka kati ya picha moja na nyingine, aliomba apewe mpaka saa tisa alasiri. Funguo ziko kwa watu wanne tu, alisema. Polisi wakija, mmoja wao atalala ndani kabla hajaulizwa hata swali.

Wanne hao walikuwa tajiri, yeye mwenyewe, Kidole na shemeji. Kidole alikuwa mpwa wa tajiri, binti mwenye vidole vyepesi aliyekata video za mashindano ya gemu. Shemeji alikuwa fundi sauti, mume wa marehemu dada yake Mama Rangi.

Ofisi nzima ilimnyooshea Kidole kidole. Ndiye aliyeipigia debe OLED, akisema kwenye gemu kitu kikikimbia hakiachi mkia nyuma yake. Ndiye aliyeomba kuipeleka nyumbani wiki iliyopita akakataliwa. Na Mama Rangi alikuwa na lake moyoni. Ijumaa, saa kumi na moja jioni, akiwa peke yake, aliijaza skrini ile rangi ya kijivu ili aipime, akaona kwenye kona ya chini kijistari hafifu kisichofutika. OLED ikikaa na picha moja muda mrefu huungua, ikabaki na alama. Kijistari kile kilifanana na kipimo cha uhai cha mchezaji wa gemu. Hakumwambia mtu. Aliyeharibu mali ya mjomba wake ana sababu ya kuipoteza.

Saa nne alikaa na Kidole. Ya alama hakumtajia.

"Nilikuwa nacheza saa za chakula, ndiyo," binti alisema. "Kuiba, hapana."

Lakini mlinzi alikuwa amemwona Jumamosi akiondoka na boksi kubwa. Kidole akajibu kwamba ni skrini aliyojinunulia, dukani wakamletea pale kazini. Wakaenda pamoja chumbani kwake. Mama Rangi alifunga pazia, akaomba skrini iwekwe picha nyeusi tupu. Kona zake nne zilikuwa nyeupe kama ukungu wa asubuhi. IPS ina taa nyuma yake ambayo haizimiki; weusi wake haufiki mwisho. Haikuwa ile iliyopotea.

"Ingekuwa kucheza tu, ningechukua OLED," Kidole alisema taratibu. "Ila nakata video kutwa nzima, vitufe vile vile vya programu havihami kwenye skrini. Hii haitaungua."

Saa sita Mama Rangi alirudi kwa mlinzi akapekua daftari. Jumamosi, saa sita na dakika kumi mchana, fundi sauti ametoka na begi la spika. Kama kawaida yake. Begi lile lilikuwa pana. Aliusoma mstari huo mara moja, akafunua ukurasa mwingine haraka.

Saa saba na nusu alikuwa kwa shemeji, aliyekuwa ameaga kwamba anaumwa. Alimkaribisha sebuleni akamtengea chai. Wakaulizana hali, kisha Mama Rangi akauliza alichojia.

"Shemeji, wewe hukuwahi kuitumia ile skrini?"

"Mimi mtu wa masikio. Tangu iingie sijaiona hata ikiwaka." Alikoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka. "Si niliwaambia mchukue IPS nyingine, inadumu? Hiyo yenu imeshaanza kubaki na mstari kwenye kona."

Mama Rangi aliweka kikombe chini.

"Kona ipi?"

"Ya chini, kushoto," alisema, halafu akaacha kukoroga.

"Mstari ule niliuona mimi peke yangu, Ijumaa jioni."

Shemeji aliweka kijiko mezani. Aliinuka akamwongoza chumbani. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi, na skrini imesimama juu ya meza ya kujipambia ya dada yake Mama Rangi, katikati ya chupa za mafuta ambazo hakuna aliyezigusa kwa miaka miwili.

Alieleza akiwa ameegemea ukuta. Picha za mnato za marehemu mkewe alikuwa nazo nyingi. Ya kutembea, yaani video, ilikuwa moja tu, sekunde thelathini na nne, aliyoipiga kwa simu siku umeme ulipokatika, kwa mwanga wa mshumaa.

"Kwenye skrini yangu giza lote linakuwa majivu, uso wake unapotelea humo. Kwenye hii giza ni giza, kwa hiyo yeye anabaki. Nilipanga kuirudisha leo alfajiri. Nikashindwa kuizima."

"Ungeniomba."

"Ungetaka kumwona na wewe. Nilitaka kwanza niwe naye peke yangu."

Hilo lilimchoma kuliko wizi wenyewe. Alimpigia tajiri, akampa shemeji simu aseme kwa mdomo wake. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema skrini iwe mezani saa tisa, Kidole aombwe radhi mbele ya wote, na habari ya kazi wataizungumza kesho. Polisi hakuwataja.

Shemeji aliinama kuchomoa waya. Mama Rangi akamshika mkono, akaiwasha video.

Dada yake alitokea, nusu ya uso, kisha uso mzima, akikinga mshumaa kwa kiganja. Alikuwa anacheka. "Acha kunipiga picha. Mpigie mdogo wangu, muulize kama kwao umeme upo." Ikaishia hapo.

"Hukunipigia," Mama Rangi alisema.

"Nilisahau. Umeme ulirudi dakika hiyo hiyo."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Mama Rangi aliirudisha video mwanzo, akavuta kiti karibu. Dada yake alipouliza tena, akamjibu.

"Upo, dada. Kwetu upo."